Mwalimu wa Pili wa Hesabu Yuko Nyumbani

Juma hili tutasema habari za hesabu. Najua kuna wengine ambao wamekwisha kunja uso kwa kusikia neno hilo tu. Ngojeni kidogo, msifunge gazeti bado. Habari hizi hazihitaji ubao wala chaki. Zahitaji punje za mahindi, nafasi ya kukaa kando ya moto, na mtu wa kuuliza, "Kwa nini?"

DAFTARI LILILOFUNGWA

Jioni moja nilipiga hodi kwa jamaa yangu mmoja, mkulima. Sala ya jioni ilikuwa imekwisha, chungu cha maharage kilikuwa motoni, na binti yake wa darasa la nne alikuwa amekaa karibu na taa, daftari juu ya magoti. Mwalimu alikuwa amewapa kazi hii: jumlisha namba zote toka 1 hata 20. Mtoto alikuwa amejumlisha mara tatu. Mara ya kwanza alipata 200, mara ya pili 208, mara ya tatu 212. Machozi yalikuwa karibu.

Baba yake akamtazama, akasema, "Basi, acha. Wewe huna kichwa cha hesabu. Hata mimi sikuwa nacho. Ndivyo tulivyo katika ukoo wetu."

Hakusema kwa ukali, alitaka kumfariji. Lakini nilimwona mtoto akilifunga daftari lake polepole, kama mtu afungaye mlango. Ndugu msomaji, tuseme kweli: ni watoto wangapi waliofungiwa mlango ule kwa neno la upole kama hilo? Mtoto akisadiki kwamba hana kichwa cha hesabu, hajaribu tena. Asipojaribu, hafaulu. Na asipofaulu, watu husema, "Si tulijua?"

Bibi yake alikuwa kando, akichambua mahindi katika ungo. Mama huyu hakukaa kwenye dawati hata siku moja. Lakini kwa miaka mingi ameuza maembe sokoni, na muuza maembe hupanga mafungu, kila fungu sawa na jingine. Akasema, "Mjukuu wangu, njoo na hesabu yako. Hebu nionyeshe hizo namba kwa punje."

Mtoto akapanga mistari juu ya mkeka: mstari wa kwanza punje 1, wa pili punje 2, wa tatu punje 3, hata ule wa mwisho wenye punje 20. Bibi akatazama, akasema, "Mafungu haya hayalingani. Sokoni hayauziki. Tuyalinganishe, yawe ishirini ishirini. Huu mstari wa punje moja, tuupeleke wapi?"

Mtoto akafikiri. "Kwa ule wa 19, bibi."

"Na huu wa punje mbili?"

"Kwa ule wa 18!"

Akaendelea mwenyewe: 3 na 17, 4 na 16, hata 9 na 11. Yakawa mafungu 9 ya ishirini ishirini, ndiyo 180. Mstari wa 20 ulikuwa umetimia tayari, na mstari wa 10 haukuwa na mwenzake. Basi, 180 na 20 na 10, jumla 210. Mtoto akaruka kwa furaha. Hakupewa jibu na mtu. Alilipata mwenyewe, na zaidi ya hayo alijua kwa nini jibu ni hilo wala si jingine.

NGAZI YA NJIWA

Bibi yule hakujua kwamba amefuata njia ya zamani sana. Katika karne ya nane aliishi mtu jina lake Alcuin, shemasi na mwalimu wa York, Uingereza. Mfalme Charlemagne alimwita akafundishe katika jumba lake. Toka mwaka 796 hata alipokufa mwaka 804, alikuwa abati wa monasteri ya Mtakatifu Martino katika mji wa Tours, Ufaransa. Kuna kitabu cha Kilatini cha mafumbo ya hesabu ambacho kwa desturi hutajwa kuwa kazi yake. Jina la kitabu, kwa lugha yetu, ni Mafumbo ya Kunoa Akili za Vijana.

Fumbo moja la kitabu hicho ni hili. Ngazi ina vipandio 100. Kipandio cha kwanza kina njiwa 1, cha pili njiwa 2, cha tatu njiwa 3, na hivyo hivyo hata kipandio cha mia chenye njiwa 100. Je, njiwa wote ni wangapi?

Kitabu hakituambii tujumlishe mmoja mmoja hata usingizi utushike. Chasema: mtwae njiwa wa kipandio cha kwanza, mweke pamoja na wale 99, watakuwa 100. Watwae wale 2 wa kipandio cha pili, waweke pamoja na wale 98, watakuwa 100. Fanya hivyo hata 49 na 51. Utapata jozi 49 za mia mia, ndizo 4,900. Vipandio viwili hubaki bila wenzao, cha 50 na cha 100. Jumla ni njiwa 5,050. Tazameni! Si ndiyo njia ya bibi?

Karibu miaka elfu baada ya Alcuin, yaani mwaka 1777, alizaliwa Ujerumani mtoto wa nyumba maskini, jina lake Carl Friedrich Gauss. Husimuliwa kwamba siku moja shuleni mwalimu aliwapa watoto hesabu ndefu ya namna hii hii, naye Gauss akaleta jibu wenzake wakiwa bado mwanzoni. Baadaye akawa mmoja wa mabingwa wakubwa wa hesabu duniani. Yaani fumbo lile lile lilimfaa abati katika monasteri, na bibi juu ya mkeka. Hesabu haichagui nyumba.

MBUZI ARUDISHWE

Katika kitabu hicho cha kale mna fumbo jingine ambalo wengi wenu mmelisikia kwa wazee. Hapa kwetu husimuliwa kwamba mtu alikuwa na chui, mbuzi na majani, naye ataka kuvuka mto. Kile kitabu kinasema mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, lakini mambo ni yale yale. Mtumbwi ni mdogo. Waweza kumchukua mtu huyo na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Afanyeje?

Wape watoto fumbo hili usiku wa leo, kisha nyamaza. Kijiti kiwe mtumbwi, jiwe liwe chui, punje ya mahindi iwe mbuzi. Wote wataanza vizuri: atamvusha mbuzi kwanza, maana chui hali majani. Atarudi peke yake, atamchukua chui. Hapo ndipo wengi hukwama. Akimwacha chui na mbuzi ng'ambo, hasara. Nao hukaa wakitazama.

Kwa nini hukwama? Kwa sababu hawathubutu kumrudisha mbuzi. Waona kwamba kumrudisha ni kupoteza kazi iliyokwisha fanyika. Lakini dawa ni hiyo hiyo: akimfikisha chui, arudi na mbuzi. Amwache mbuzi upande wa kwanza, avushe majani. Kisha arudi peke yake amchukue mbuzi kwa mara ya mwisho. Safari ni saba, na vyote vimevuka salama.

Mzazi, hapo mwambie mtoto wako hivi: katika hesabu, kurudi nyuma si kushindwa. Aliyefuta mstari mmoja ili aanze upya amemrudisha mbuzi tu. Mtoto akilishika neno hili, hataogopa tena kufuta.

SIRI YA TISA

Sasa tuje kwenye namba zenyewe. Mwambie mtoto aandike jedwali la tisa: 9, 18, 27, 36, 45, 54, 63, 72, 81, 90. Kisha ajumlishe tarakimu za kila namba. 1 na 8 ni 9. 2 na 7 ni 9. 3 na 6 ni 9. Hata mwisho ni tisa tu! Watoto hucheka, hudhani ni mazingaombwe. Lakini usiishie kwenye kicheko. Uliza, "Kwa nini?"

Leteni punje tena. Hesabuni punje 34, mzipange katika mafungu ya kumi kumi. Yatakuwa mafungu 3, na punje 4 za ziada. Sasa toeni punje 1 katika kila fungu. Kila fungu limebaki na 9, na mkononi mna punje 3. Ziungeni na zile 4 za ziada: ni 7. Basi ukigawanya 34 kwa mafungu ya tisa tisa, baki ni 7, nayo 7 ni jumla ya 3 na 4. Siri imefunuka. Tarakimu ya makumi yatuambia ni punje ngapi zilizotolewa, maana kila kumi ni tisa na moja. Vivyo hivyo kila mia ni 99 na moja. Ndiyo maana tukijumlisha tarakimu za namba yo yote, twajua baki lake kwa tisa bila kugawanya. Jumla hiyo ikizidi tisa, tunaijumlisha tena tarakimu zake hata ibaki moja. Ikiwa tisa yenyewe, hakuna baki.

Jambo hili si mchezo mtupu. Kwa karne nyingi watu wamelitumia kukagua hesabu zao. Ngojeni, mtaona kazi yake hapa chini.

MWALIMU WA DEVLALI

Pengine mwasema, "Lakini mambo haya yote yaligunduliwa zamani na watu wakubwa. Mtoto wetu ataona nini kipya?" Sikilizeni habari ya mwalimu mmoja wa India.

D. R. Kaprekar alizaliwa mwaka 1905. Toka mwaka 1930 hata mwaka 1962 alifundisha shule katika mji mdogo wa Devlali. Hakuwa profesa, wala hakuwa na shahada ya juu. Alipenda namba tu, akazichezea kila alipopata nafasi. Wataalamu wengine walimdharau, wakaona kazi yake ni ya kitoto. Lakini mwaka 1949 aliona jambo ambalo leo lajulikana duniani kote, na namba aliyoiona yaitwa kwa jina lake.

Tuanze na mfano mdogo wa jambo hilo. Chagua tarakimu tatu, zisiwe zote sawa. Tuseme 4, 8 na 1. Zipange toka kubwa kwenda ndogo: 841. Kisha toka ndogo kwenda kubwa: 148. Toa: 841 toa 148 ni 693. Fanya tena kwa 693: 963 toa 369 ni 594. Tena: 954 toa 459 ni 495. Tena: 954 toa 459 ni 495. Umefika, huwezi kutoka! Mwambie mtoto mwingine aanze na tarakimu nyingine, na wa tatu aanze na zake. Wote watakutana kwenye 495, kama ng'ombe wanaotoka malisho mbalimbali wakanywe kisima kimoja. (Ukipata 99, andika 099, usiiache sifuri.)

Kaprekar alifanya hivyo kwa tarakimu nne, akaona zote hufika 6174. Jaribuni 3524: 5432 toa 2345 ni 3087, 8730 toa 0378 ni 8352, 8532 toa 2358 ni 6174. Hakuna namba itakayowachukua zaidi ya hatua saba, mradi tarakimu zote nne zisiwe sawa.

Lakini je, tutajuaje kwamba zile za tarakimu tatu zote hufika 495? Tumejaribu chache tu. Hapa mtoto mwenye macho ataona jambo. Baada ya kutoa mara ya kwanza, tarakimu ya katikati ni 9 siku zote, na zile za pembeni zikijumlishwa ni 9. Kwa hiyo majibu yawezekanayo ni tisa tu: 099, 198, 297, 396, 495, 594, 693, 792 na 891. Basi si lazima kujaribu mamia ya namba. Jaribu hizi tisa, na kazi imekwisha. Mtoto akimaliza zote tisa, hatasema tena, "Nafikiri." Atasema, "Najua, nami naweza kukuonyesha." Kuna tofauti kubwa kati ya maneno hayo mawili, na mtoto wa darasa la tano aweza kuionja nyumbani kwao.

SIKU YA KUUZA MAHINDI

Narudi kwa binti yule. Baada ya mavuno, mnunuzi alifika kijijini na karani wake. Jamaa yangu aliuza debe 8 za mahindi, kila debe kwa shilingi 9,800. Karani akaandika upesi upesi, akasoma: "Shilingi 76,400." Baba akanyosha mkono apokee fedha. Alizoea kupokea alichoambiwa.

Binti alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema kwa adabu, "Baba, samahani. Kila debe lingekuwa 10,000, tungepata 80,000. Lakini kila debe limepungua 200. Mara 8 ni 1,600. Ukitoa 1,600 katika 80,000, zabaki 78,400."

Watu wakanyamaza. Karani akahesabu upya, akatikisa kichwa, akaongeza shilingi 2,000. Alikosea kwa haraka? Alikosea kwa makusudi? Sijui, wala simhukumu. Nasema tu kwamba zile 2,000 zilikuwa jasho la familia ile, na zingalikwenda zake.

Sasa ikagueni kwa siri ya tisa. Tarakimu za 9,800 ni 17, na 1 na 7 ni 8. Mara debe 8 ni 64. 6 na 4 ni 10. 1 na 0 ni 1. Basi jibu la kweli lazima liishie kwenye 1. Tarakimu za 76,400 ni 17, yaani 8. Kosa! Tarakimu za 78,400 ni 19, kisha 10, kisha 1. Sawa. Lakini angalieni: ukaguzi huu hauoni tarakimu zilizobadilishana mahali. 74,800 ingepita bila kushikwa. Kwa hiyo hesabu isiyopita hakika ina kosa, bali hesabu iliyopita itazamwe kwa njia nyingine pia.

Jioni ile baba alimwambia mama yake, "Kumbe katika ukoo wetu kichwa kipo." Bibi akajibu, "Kilikuwapo siku zote. Wewe ulikuwa hukihesabu."

NAMNA YA KUFANYA NYUMBANI

Wazazi, sisemi kwamba mafumbo yachukue mahali pa mwalimu. Jedwali la kuzidisha lazima likaririwe, na kazi ya shule ifanywe. Lakini mwalimu ana watoto wengi mbele yake, nawe unao wachache. Fuata mambo haya manne.

Kwanza, usiwe mwepesi kutoa jibu. Jibu ulilompa mtoto ni samaki mmoja. Jibu alilolitafuta ni nyavu.

Pili, uliza kila mara, "Umejuaje?" Uliza hivyo hata jibu likiwa sawa. Usiyesoma sana waweza kuuliza swali hili vizuri kuliko aliyesoma, maana wewe wataka kuelewa kweli, na mtoto atafurahi kukufundisha.

Tatu, fumbo likiwa kubwa, lipunguze. Ngazi ya vipandio 100 yatisha. Anza na ngazi ya vipandio 4, kisha 6, kisha 10. Mkubwa huonekana katika mdogo.

Nne, usimpige mtoto kwa kosa la hesabu, wala usimwambie hana kichwa. Fimbo humfundisha kuogopa fimbo, haimfundishi kugawanya.

FUMBO LA JUMA HILI

Watu 10 wametoka kanisani baada ya Misa. Kila mmoja amemsalimu kila mwenzake kwa mkono, mara moja tu. Je, mikono imeshikwa mara ngapi? Anzeni na watu 2, kisha 3, kisha 4, mkaandike mnayoyaona. Kisha kumbukeni mtu wa kwanza anao wenzake 9, wa pili amebakiwa na 8, na wa tatu 7. Mkifika hapo, itazameni tena mistari ya bibi juu ya mkeka. Jibu ni 45. Nimelitaja makusudi, kwa kuwa jibu si kitu. Mtoto wako akikuambia 45, mtazame usoni kwa upole, umwulize, "Umejuaje?"